Malalamiko Juu ya Shukrani za Fundi Cherehani

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Kunyanyua Vyuma.

KUHUSU: FUNDI CHEREHANI NA TABIA YAKE YA KUNISHUKURU

Ndugu Mwenyekiti,

Kwa miaka thelathini na moja nimeficha jambo moja, na leo nalitoa kabla halijazikwa pamoja nami. Kilo mia moja hamsini na moja alizosukuma Fundi Cherehani katika fainali ya taifa zilikuwa halali. Taa nyekundu iliyomkosesha ushindi ilikuwa yangu.

Naomba usiikunje barua hapa ukadhani umeshaelewa. Hilo ni ungamo tu. Malalamiko yenyewe yanafuata, nayo hayanihusu mimi, yanamhusu yeye.

Wewe ni mgeni kwetu. Umetoka kwenye kuogelea, ambako anayekuwa wa kwanza kugusa ukuta ameshinda na hakuna haja ya mzee aliyeketi na kitufe. Kwa hiyo niruhusu nikueleze kidogo. Chama chetu kina watu wa namna mbili. Wapo wanaosimama: hao huchukua chuma sakafuni na kukifikisha juu ya kichwa, mara kwa mkupuo mmoja, mara kwa miwili, kwanza mabegani, halafu juu. Na wapo ambao miguu yao haiwabebi, au hawana miguu. Hao hulala chali kwenye benchi, miguu imenyooshwa na kufungwa mkanda, wakasukuma chuma kwa kifua na mikono peke yake. Usiwaonee huruma. Uzito wanaousukuma, wewe na mimi tungehitaji watu wanne na mabishano ya nusu saa kuusogeza.

Kila mchezaji ana majaribio matatu. Waamuzi ni watatu, na kila mmoja ana kitufe cheupe na chekundu. Nyeupe mbili, umepata. Nyekundu mbili, umekosa, hata kama ukumbi mzima unaapa umepata. Kwa wanaolala benchini, sheria ni kwamba chuma kishuke mpaka kifuani, kitulie hapo tuli, kisha kipande kwa mikono miwili sawasawa mpaka viwiko vinyooke. Lile tuo la kifuani ndilo roho ya mchezo. Bila tuo, mtu atakidundisha chuma kwenye mbavu kama mpira na kusema ana nguvu. Siku zetu, mwamuzi aliyetoa nyekundu aliinua pia kadi ya kueleza sababu. Kadi ya kwanza ilisema chuma hakikutulia kifuani. Ya pili, mikono haikwenda sawa. Ya tatu, viwiko havikunyooka.

Mimi mwenyewe sijawahi kunyanyua kitu kizito kuliko mkoba wangu wa kazi. Nilikuwa afisa wa vipimo. Nilizunguka madukani na mawe yangu ya shaba yaliyofungwa kwenye kitambaa, nikikagua mizani za wauza nyama na wauza mchele. Chama kiliniita mara ya kwanza kuja kuthibitisha kwamba sahani ya kilo ishirini ni kilo ishirini kweli. Ilikuwa kumi na tisa na nusu. Tangu siku hiyo hawakuniacha, wakanisomesha uamuzi, na watu wakaniita Mzee Mizani nikiwa bado na meno yote.

Siku ya fainali ile, kwenye jaribio la tatu na la mwisho la Fundi, mwamuzi wa kati, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande, alitoa nyeupe. Wa kushoto, mtu mkali ambaye naamini hata siku ya harusi yake alimtazama bibi harusi akisubiri kosa, alitoa nyekundu na kuinua kadi ya mikono. Mimi, wa kulia, nikatoa nyekundu na kuinua kadi ya tuo.

Fundi alifunguliwa mkanda, akakaa kitako, akazitazama kadi zetu mbili. Ile ya mikono aliidharau. Alisema, "Mimi nakata suruali mbili kwa mkasi mmoja bila chaki, leo niambiwe mikono yangu haiko sawa?" Ya kwangu aliiamini. Alisema, nami nilimsikia, "Kama Mzee Mizani ameona hakikutulia, basi hakikutulia." Nafasi ya kwenda kwenye michezo ya ng'ambo ikapata mwenyewe mwingine. Fundi akarudi kwenye cherehani yake ya mkono, na lile kosa nililompa akalimeza kama mgonjwa anavyomeza dawa, bila kuuliza.

Sasa malalamiko.

Kwanza. Fundi huja kunitembelea kila Alhamisi saa kumi jioni. Nyumba yangu ina ngazi tatu. Kiti chake cha magurudumu hukiacha chini, akapanda kwa mikono, mfuko ameung'ata kwa meno, na akifika juu hutoa mfuko mdomoni na kusema, "Shikamoo, Mzee wangu. Umeshindaje na kifua?" Nimemwambia asije. Nimemwambia nimelala. Nimemwambia nina homa ya kuambukiza. Akaja na limau. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Laiti ningejaliwa kuishi jirani na punda.

Akishaingia hunilaza chali kitandani, akanipa pakiti ya chumvi ya nusu kilo, akakaa kando yangu kama mwamuzi. "Anza," anasema. Naishusha. "Tulia, Mzee wangu. Tulia hapo. Haya, rudisha." Mara tano. Daktari amefurahi sana na anasema mapafu yangu yamepata miezi ambayo hakuitarajia. Yaani hata siku ninazoishi sasa, Ndugu Mwenyekiti, ni za Fundi. Pakiti yenyewe, kwa taarifa yako, ina gramu mia nne themanini na moja. Mwenye duka nimeshamwandikia barua yake.

Pili ni koti. Jambo hili lilianza jioni ileile ya fainali. Nilikuwa mlangoni nataka kuondoka, kifungo cha koti langu nimekishika kiganjani. Fundi akaniona, mikono yake ikiwa bado nyeupe kwa unga wa chaki. Akasema, "Lete hapa. Mtu mzima haendi kwake kifua wazi." Akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati lake, maana fundi haachi sindano hata akienda kupigania taifa, akanishonea palepale huku nimelivaa. Nilisimama mbele yake kama mtoto anayefungwa tai, na hakuna aliyenifanya nijione mdogo kiasi kile kabla wala baada. Tangu hapo koti ni lake kulitunza. Amelipunguza kiunoni mara nne kadiri ninavyokonda. Mara ya mwisho alipima, akasema, "Mzee wangu, sasa tunaishiwa na wewe, kitambaa bado kipo." Tulicheka mpaka mwanangu muuguzi akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Vifungo vingine vyote vimeshabadilishwa. Kile cha siku ile hakijakatika.

Tatu, na hapa naomba ukae vizuri. Nyuma ya duka lake la ushonaji Fundi alifungua ukumbi wa mazoezi. Una mabenchi mawili, bati linavuja juu ya la pili, na vitambaa vya mabaki vimezungushwa kwenye chuma ili kisiteleze. Humo anafundisha tuo. Si nguvu, nguvu anasema kila mtu aje nazo kutoka kwao. Anafundisha kutulia. Mwanafunzi mpya hukaa mwezi mzima bila kuongezewa sahani hata moja, akishusha na kutuliza, kushusha na kutuliza, na Fundi juu yake anasema, "Chuma chako kinacheza. Kimeona nini, dada yangu, kimeona nyoka? Kitulize." Na kwa kuwa watu wa benchini hawawezi kutazama saa, amewapa maneno ya kusema moyoni ili tuo litoshe. Hayo maneno ni haya: Mzee ananitazama. Ukimaliza kuyasema, unasukuma.

Nilikwenda mara moja tu. Mwanangu alinipeleka bila kuniambia tunakokwenda. Niliwakuta watu kumi na mmoja wamelala, wawili benchini na tisa mikekani, na wengine wanasubiri zamu, na midomo ya waliolala inacheza bila sauti. Niliweza kuisoma midomo. Nikaomba maji, nikaomba kurudi nyumbani.

Nne. Ukumbi huo umetoa mabingwa sita. Sita, kutoka nyuma ya duka la nguo. Waamuzi wa nchi za watu, nimeambiwa, hutazamana wakiona tuo lao, kwa sababu hakuna cha kubisha. Binti wa fundi viatu aliporudi na medali yake shingoni aliulizwa redioni nani amemfikisha pale, akasema ni Mungu, mama yake, Fundi, na Mzee Mizani aliyemwonyesha Fundi kosa. Kwa mpangilio huo. Wiki nzima wauza nyama niliowahi kuwafungia mizani walikuja kunipa mkono.

Tano. Jumamosi ijayo Chama chako kinafungua jengo jipya la mazoezi, na nimeona kwa macho yangu barua yenye sahihi yako kwamba litaitwa Ukumbi wa Mzee Mizani. Fundi ndiye aliyeomba. Ulipomuuliza kwa nini lisiitwe kwa jina lake, inasemekana alikujibu, "Mimi nilinyanyua chuma. Yeye alininyanyua mimi." Wachora mabango wameshaanza kazi. Picha yangu inapanda kutoka sakafuni hadi darini, na macho wameyachora makubwa kama sahani za kilo ishirini, na chini yake wameandika MZEE ANAKUTAZAMA. Mwanangu alinionyesha kwenye simu yake. Nilisema picha haifanani nami. Akasema, "Baba, inafanana nawe mno, ndiyo maana umekasirika."

Sasa fuata hesabu, Ndugu Mwenyekiti, maana hesabu ndiyo kazi niliyosomea. Kama taa moja nyekundu ya makosa imezaa mabingwa sita, basi Chama kinajiibia kwa kutoa haki. Tungechagua vijana kumi kila mwaka, wale bora kabisa, tukawadhulumu hadharani, na baada ya miaka michache hatungekuwa na mahali pa kutundika medali. Vyuo vya waamuzi vingefundisha upofu. Mama angemleta mwanawe mlangoni na kuomba, "Jamani, na huyu wangu mwoneeni kidogo." Huo ndio upuuzi utakaofunguliwa rasmi Jumamosi, na utepe utakatwa na mimi.

Naomba hata hivyo nieleweke. Sikumwonea Fundi. Niliona. Niliona kwa macho haya mawili, yaliyosoma sindano ya mizani kwa miaka ishirini na sita, kwamba chuma kilicheza kifuani. Kumbe ilikuwa ni taa ya darini iliyokuwa inakatakata, ikisaidiwa na feni iliyopita chini yake. Ukizidisha mzunguko wa feni kwa ukataji wa taa, chuma kilichotulia lazima kionekane kinapumua. Hilo ni kosa la ukumbi, na ukumbi ulikodiwa na Chama. Kwa hiyo, kwa hesabu ya haki, nyekundu ile ilikuwa ya kwenu, mimi niliazima kidole tu.

Ushahidi wa kwamba chuma kilitulia nao ulikuwepo. Mpiga picha za harusi alikuwa ukumbini siku ile akijaribu kamera mpya, na miaka minne baadaye nilimkuta nayo dukani kwake. Aliniwekea mkanda wa video wa siku ile. Chuma cha Fundi kinashuka, kinatua, na kinakaa pale kama kaburi. Nilimwomba aurudishe mara tisa. Upande wangu mkanda haukuonyesha kitu, ila mgongo wa kiti. Nilimwambia aufute, akaufuta. Alikuwa na harusi ya watu mia tatu ya kurekodi juu yake.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu imekwenda miaka thelathini na moja na bado ilikuwa na lami. Hata hivyo daktari ameshaniambia kwa lugha yake ya adabu, "Mzee, sasa tupumzike," na mimi lugha hiyo naifahamu, niliitumia kwa mizani nyingi zilizochoka. Siogopi. Ninachoogopa ni kulala chini ya udongo huku watu wenye vyuma vizito vifuani wananiita kila siku niwatazame.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza, Fundi apewe amri kwa maandishi ya kuacha kunishukuru, kuanzia Jumatatu, na akikaidi afungiwe miezi sita. Aruhusiwe kuja Alhamisi, ila aje na kisirani.

La pili, kilo mia moja hamsini na moja ziandikwe mahali pake. Najua sheria: matokeo hayabadilishwi waamuzi wakishasaini. Lakini sheria haikusema chochote juu ya kuta. Ukuta wa jengo jipya ni mkubwa. Futeni macho yangu, muandike hapo jina lake na uzito wake, na chini yake, kwa herufi zile zile kubwa, neno HALALI. Akikataa, na atakataa, muandike akiwa kwenye cherehani. Akishaanza kushona hasikii.

La tatu ni la kuulinda mchezo wetu. Nasikia waamuzi wa siku hizi huchungulia simu zao wakati chuma kiko hewani. Naomba itungwe sheria kali. Mwamuzi kukosea ni ubinadamu. Mimi nimekosea, na kosa langu ni kosa la mtu aliyekuwa kazini. Lakini mwamuzi anayeondoa macho kwenye chuma, hata kwa muda wa kupepesa, amemwacha mwenzake peke yake chini ya uzito. Huyo afukuzwe maisha, vyeti vyake vichanwe, na jina lake lisiandikwe popote ndani ya Chama hiki, hata kwenye mlango wa choo.

Nisalimie ofisi yote: karani wako mwenye mwandiko mzuri, mama wa chai, mlinzi wa lango aliyewahi kuniomba nimpime mbuzi, na wajumbe wa kamati, wanaosoma barua na wanaozikalia. Usiisahau mizani ya kupimia wachezaji iliyo pale kwenye korido. Ilikuwa inapunguza gramu mia mbili. Itazame.

Wako katika uzito na haki,

Mzee Mizani
Mwamuzi wa daraja la kwanza (mstaafu)
Afisa wa vipimo (mstaafu)

Baada ya sahihi:

Barua hii ataileta Fundi mwenyewe, kwa kuwa hupita ofisini kwenu kila Ijumaa. Nilikuwa nimeshapaka gundi kwenye bahasha, nikaifuta. Inakuja wazi. Kwa hiyo maneno haya, Ndugu Mwenyekiti, ni ya kwake kabla hayajawa yako, niwie radhi.

Fundi, taa ya darini ilikuwa nzima. Feni haikuwepo. Kile kifungo ulichonishonea kilikatika wakati Afande anakwambia uanze, kikabingirika chini ya kiti changu, nami nikainama kukitafuta. Koti lilikuwa jipya na sikutaka kuonekana ovyo mbele ya watu. Nikiwa huko chini nilisikia ukumbi mzima unashusha pumzi, nikadhani umeshindwa. Sikujua kwamba watu hushusha pumzi vilevile mtu anapopata. Nilipoinuka chuma kilikuwa kimesharudi mahali pake na waamuzi wenzangu wananisubiri. Nikabonyeza nyekundu. Kadi nilivuta iliyokuwa juu mfukoni.

Ombi la tatu lianze na mimi. Na hao kumi na mmoja, Alhamisi ukitoka kwangu, uwatafutie maneno mengine ya kusema moyoni. Hayo ya sasa si kweli. Mzee hakuwa anatazama.